Mikono Haikupungua: Historia ya Wageni Waliokuja Kujenga Bungoma na Kitale

Ukitaja Matisi magharibi mwa Kenya, utaulizwa ni ipi. Iko Matisi ya Kitale, wadi ya eneobunge la Saboti katika kaunti ya Trans Nzoia, mtaa uliokulia ubavuni mwa mji. Iko pia Matisi ya Bungoma, upande wa Webuye, ambako watu wanalima mahindi, maharagwe na miwa hadi nyuma ya jiko. Kwa takriban miaka 40 sasa, pembe hii ya nchi imekuwa ikipokea wageni wa namna ya pekee: watu wanaojilipia nauli kutoka Marekani, Kanada au Ulaya ili waje kubeba matofali. Wanakaa wiki moja au mbili, ukuta unapanda, picha zinapigwa, wanarudi kwao.

Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hudai jembe tangu siku ya kwanza, na wamelilipia.

Lakini Bungoma haijawahi kupungukiwa na mikono. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 katika kaunti hiyo, na 990,341 katika Trans Nzoia, na asubuhi yoyote utawaona vijana wamesimama nje ya mjengo wakingoja kuitwa kibarua. Ikiwa nguvu za kubeba tofali zipo tele, mgeni huyo alileta nini? Jibu limo katika historia ya nyumba zenyewe: zilijengwa na nani, kwa vifaa gani, na juu ya ardhi ya nani.

Kuta za kabla ya reli

Joseph Thomson, msafiri wa Uskoti, alipopita upande huu mwaka 1883, alikuta vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo. Wabukusu waliita boma la namna hiyo lukoba. Ndani yake waliishi jamaa nyingi pamoja na mifugo yao, na ukuta uliwakinga na wavamizi wa ng'ombe. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja na mkewe. Udongo ulichimbwa, ukakanyagwa, ukapandishwa tabaka juu ya tabaka, na kila nyumba ilitoa watu.

Mwaka 1895 kuta hizo zilikutana na bunduki. C. W. Hobley, afisa wa Waingereza, aliongoza kikosi kilichokuwa na askari wa Kisudani na wapiganaji wa Kiganda na Kimaasai, kikaziangusha ngome za Lumboka na Chetambe. Mlima wa Chetambe ungali umeinama juu ya mji wa Webuye. Baada ya kushindwa huko, watu walitawanyika polepole, kila mwenye mji akaenda kuishi kwenye shamba lake.

Ukuta wa pamoja ulikwisha, ila ujenzi wa pamoja ulibaki. Nyumba ya msonge ilihitaji nguzo, fito, kamba, udongo na nyasi, na vyote hivyo vilipatikana kwa kutembea na kukata. Wanaume walisimamisha nguzo na kuezeka. Wanawake walichota maji, wakakanyaga udongo na kukandika kuta. Mwenye nyumba alipika na kutoa pombe ya busaa. Hakuna aliyelipwa fedha, lakini kila aliyekuja alijua kwamba zamu yake itafika, na aliyezoea kukwepa kazi za wenzake alijikuta peke yake siku ya kuezeka kwake. Lilikuwa deni, na kila mtu alikumbuka nani anadaiwa.

Tofali la Kaimosi

Wageni wa kwanza waliokuja na mpango wa kubadilisha nyumba za watu wa magharibi walikuwa Marafiki, yaani Wakweka, kutoka Marekani. Mwaka 1902 Arthur Chilson, Edgar Hole na Willis Hotchkiss walifika Kaimosi na kuanzisha misheni waliyoiita ya viwanda. Waliamini kwamba injili na ufundi huenda pamoja. Waliweka kinu cha kupasua mbao kilichoendeshwa na maji ya mto, wakafundisha useremala na ufyatuaji wa matofali. Baadaye kazi yao ilipanda kaskazini hadi Lugulu, si mbali na Webuye, na huko wakaacha kanisa, shule na hospitali.

Vijana waliopita mikononi mwao ndio waliotawanya ufundi. Nyumba ya pembe nne ilianza kuwa alama ya msomi, mwalimu au mkristo, na msonge ukabaki kwa wazee. Kisha bati likaja, na saruji baada yake.

Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Udongo na nyasi vilihitaji majirani. Bati, msumari na mfuko wa saruji vinahitaji duka. Wanaukoo 20 wanaweza kukandika nyumba kwa siku moja, ila hata wakija 200 hawawezi kufyatua bati. Tangu hapo mtu angeweza kuwa na shamba, afya na ndugu wengi, na bado akashindwa kujenga nyumba anayoitamani. Anachimba msingi mwaka huu, anapandisha kuta mwaka ujao akiuza mahindi, kisha karo ya shule inakuja na ukuta unasimama bila paa. Mvua mbili zikipita juu yake, anaanza upya.

Kitale na nyumba isiyo na ardhi

Upande wa Trans Nzoia kikwazo kilikuwa kingine kabisa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwagawia wazungu, wengi wao askari waliostaafu, mashamba makubwa katika nyanda hizo. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mahindi yalipata njia ya kwenda bandarini, na mashamba yakahitaji watu. Wafanyakazi walikuja kutoka Bungoma, Maragoli, Pokot, Turkana na hata Uganda.

Sheria ya 1918 kuhusu wafanyakazi wakaazi ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kuishi na kulima kipande cha shamba la mzungu. Mkataba ukikatika, anahama. Mtu wa aina hiyo hajengi kwa tofali. Anajenga kibanda anachoweza kukiacha bila kulia, na baba yake hafai kuzikwa hapo. Hivyo watoto na wajukuu walizaliwa Trans Nzoia bila kuwa na boma la kuitwa la kwao.

Uhuru ulipokuja, mashamba mengi yalinunuliwa: mengine na serikali kwa ajili ya miradi ya makazi, mengine na wakubwa, mengine na makampuni na vyama vya watu waliochanga fedha. Ambao hawakupata kitu walisogea karibu na mji. Kipsongo, Tuwan, Shimo la Tewa na Matisi ni majina ambayo mkazi wa Kitale huyahusisha na vyumba vya kupanga, vyoo vya shimo na ploti ndogo zilizokatwa kutoka kwa shamba la zamani. Wengine wamenunua ploti zao na kujenga vizuri. Wengine wana karatasi ya mauzo tu, hati hawajaiona.

Tofauti hiyo kati ya Matisi mbili ndiyo iliyoamua baadaye wageni wajenge wapi. Shirika linalojengea familia nyumba ya kudumu huuliza kwanza: ardhi ni yako? Mkulima wa Bungoma aliyerithi ekari moja kutoka kwa baba yake alikuwa na jibu. Mpangaji wa Kitale, ambaye pengine nyumba yake ilikuwa mbovu zaidi, hakuwa nalo.

Wazo la kambi za kazi

Wazo la kwenda nchi ya wengine kujenga bila malipo lilizaliwa Ulaya, katika vifusi vya vita. Mwaka 1920 Pierre Cérésole, mhandisi wa Uswisi aliyekataa vita, alikusanya watu wa mataifa yaliyokuwa yakiuana muda mfupi uliopita, wakaenda Esnes-en-Argonne, karibu na Verdun nchini Ufaransa, kujenga makazi ya wanakijiji. Walikuwemo Wajerumani. Nia ilikuwa adui aonekane ameshika koleo kwenye kijiji alichokibomoa.

Baada ya miaka 40, kazi ya kujitolea iligeuka chombo cha uhusiano kati ya nchi tajiri na nchi mpya. Uingereza ilianzisha VSO mwaka 1958. Rais John Kennedy wa Marekani aliunda Peace Corps mwezi Machi 1961, na mwaka huohuo kundi la wapima ardhi na wahandisi lilitua Tanganyika kusaidia ujenzi wa barabara. Kenya ilianza kupokea Wamarekani hao mwishoni mwa 1964, na wengine kati yao walipelekwa kuwa maafisa katika miradi ya makazi, kwenye mashamba yaliyokuwa yakigawiwa Waafrika. Zaidi ya 5,000 wamehudumu nchini tangu wakati huo.

Wakenya hawakukaa kuangalia. Mwaka 1962, kabla bendera haijapandishwa, wenyeji walianzisha kambi zao za kazi, mpango ambao leo unajulikana kama KVDA, na kwa miongo kadhaa vijana wa Kenya na wa ng'ambo wamekutana vijijini kujenga shule na zahanati. Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta akaifanya harambee kuwa wito wa taifa. Na katika mkoa wa Kati, wanawake walibuni jambo la busara kuliko yote: vyama vya mabati. Kila mwanachama alitoa mchango, zikanunuliwa bati za kuezekea nyumba ya mmoja, kisha ya mwingine, hadi mzunguko ukaisha. Wanawake hao walikuwa wameona kile ambacho wafadhili wengi walikuja kukiona baadaye: mikono ipo, kinachokosekana ni fedha za dukani, na fedha hizo zinaweza kuzunguka.

Kutoka Mbandaka hadi magharibi mwa Kenya

Shirika lililoleta wajenzi wengi wa kigeni katika vijiji vya magharibi ni Habitat for Humanity. Watu wengi huliona kama jambo la Kimarekani lililoletwa Afrika, ilhali Afrika ndiyo iliyolipatia mwili.

Millard Fuller alikuwa mwanasheria wa Alabama aliyetajirika kabla ya kufika miaka 30. Ndoa yake ilipotikisika mwaka 1965, yeye na mkewe Linda waliuza mali na kugawa fedha. Walifika Koinonia, shamba la Georgia lililoanzishwa mwaka 1942 na Clarence Jordan, mhubiri na msomi wa lugha ya Kigiriki, ambapo weusi na weupe waliishi na kula meza moja. Kwa kosa hilo shamba lilisusiwa na kupigwa risasi miaka ya 1950. Hapo Jordan na Fuller walipanga namna ya kuwajengea maskini nyumba: kusiwe na faida, kusiwe na riba, na marejesho yaende kujenga nyumba nyingine. Jordan alifariki 1969 nyumba ya kwanza ikiwa bado inajengwa.

Mwaka 1973 akina Fuller walihamia Mbandaka, mji wa ukingoni mwa mto Kongo nchini Zaire, kufanya kazi na kanisa la huko. Walikuta karakana ya matofali ya saruji iliyokuwa imezorota, wakaifufua. Nyumba zilijengwa kwenye ukanda wa ardhi ambao wakoloni wa Kibelgiji waliuacha wazi ili utenganishe mtaa wa wazungu na mtaa wa Waafrika. Ilipobainika kwamba mpango unaweza kusimama nje ya Georgia, katika nchi iliyokuwa ikiyumba kiuchumi chini ya Mobutu, walirudi kwao na mwaka 1976 wakaanzisha shirika.

Kenya iliingia mwaka 1982, na kazi ikaanzia magharibi mwa nchi. Uganda ikafuata 1984, Tanzania 1986. Mwaka 1984 pia, aliyekuwa Rais Jimmy Carter alionekana New York akiwa na nyundo mkononi, na jina la shirika likaenea duniani. Mwishoni mwa mwongo huo makundi ya wageni wa muda mfupi yakaanza kupelekwa nchi za nje kwa utaratibu maalumu. Mwaka 2002 Carter alikuja Durban, Afrika Kusini, kujenga nyumba 100, kilele cha kampeni ya nyumba 1,000 katika nchi 18 za Afrika.

Utaratibu wa kijijini ulikuwa mwepesi kueleza. Kamati ya wenyeji ilichagua familia kwa kuangalia mambo matatu: shida ya makazi, uwezo wa kulipa kidogokidogo, na utayari wa kufanya kazi. Familia ilitoa kiwanja, ikasomba maji na mchanga, ikafyatua matofali. Shirika lilitoa mkopo wa saruji, mbao, bati na ujira wa fundi. Marejesho yaliingia mfuko mmoja na kutoka tena kujengea jirani. Mzee wa Kibukusu aliyekulia katika kazi za kukandika angeutambua mpango huo upesi: ni deni la zamu, safari hii likiandikwa daftarini.

Siku kwenye mjengo

Tofali la kijiji hutoka kwenye udongo wa shambani, mara nyingi udongo wa kichuguu kwa sababu unashikana vizuri. Unalowekwa, unakanyagwa, unatiwa kwenye kibao, unageuzwa chini na kufunikwa kwa nyasi ili lisipasuke kwa jua. Baada ya majuma kadhaa matofali yanapangwa kuwa tanuri lenye midomo chini, linazibwa kwa udongo, na magogo yanawashwa. Moto hutunzwa usiku na mchana mpaka fundi aridhike. Lililo karibu na moto huiva hadi kuwa jekundu lililokolea na hulia kama kengele likigongwa. La pembeni hubaki mbichi na huenda kwenye ukuta wa jiko.

Timu ya wageni inapofika, msingi umeshamwagwa na matofali yako kwenye lundo. Wanapanga mstari na kupokezana tofali mkono kwa mkono. Kufikia saa tano viganja vimechubuka, nyuso zimeiva, na kina mama wa boma wamewapita mara mbili wakiwa na ndoo za maji kichwani. Mmoja hupewa mwiko ajaribu kupanga mstari. Fundi humtazama, humsifu, kisha huweka pima maji juu ya kazi ile, huyagonga matofali mawili yarudi kwenye kamba, na lile la tatu hulitoa kabisa na kukwangua udongo. Hasemi kitu. Wageni wakirudi hotelini jioni, huenda akabaki kunyoosha kona.

Kwa hesabu ya kazi, basi, mgeni humpunguzia fundi muda kidogo na humwongezea mwingine. Lakini ada aliyolipa ili aje ina sehemu inayoingia kwenye mradi, na huko ndiko bati na saruji zinakotoka. Anaamini amechangia jasho. Kilichopandisha ukuta ni fedha aliyoilipa miezi mitatu kabla hajafunga begi.

Lawama na hesabu

Lawama dhidi ya safari hizi si za leo. Mwezi Aprili 1968, Ivan Illich, padri na mwanafikra aliyeishi Mexico, aliwaambia vijana wa Kimarekani waliokusanyika Cuernavaca kwamba afadhali wabaki makwao kuliko kuwaendea watu wasiowajua kwa nia njema pekee. Nusu karne baadaye, mwaka 2018, Uganda ilizaa vuguvugu la No White Saviors, lililochukulia mitandao ya kijamii kuwa baraza la kuwahoji wageni wanaojiona wakombozi. Mkosoaji yeyote wa Bungoma anaweza kuongeza hesabu yake: nauli ya ndege ya mgeni mmoja, kwenda na kurudi, inaweza kuezeka nyumba zaidi ya moja ya kijijini.

Hesabu hiyo ni kweli, ila haijibu kila kitu. Asingesafiri, fedha hiyo isingetumwa Matisi. Ingetumika kwa likizo nyingine. Tatizo lililoitesa zaidi miradi ya mikopo halikuwa la wageni. Mwaka 1993 mfumuko wa bei nchini Kenya ulifika takriban asilimia 46. Aliyekopeshwa thamani ya nyumba bila riba alirejesha shilingi ambazo hazingetosha kujenga hata nusu ya nyumba kwa jirani yake. Katika baadhi ya nchi za Afrika ilibidi deni lihesabiwe kwa bei ya mfuko wa saruji, ili mfuko wa pamoja usikauke. Mkopo usio na riba ulioandikwa kwa moyo mweupe unahitaji mtu mkali wa kutunza daftari.

Kisha likaja jambo ambalo daftari haliwezi kulihesabu. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 na kufurusha wengine laki kadhaa. Katika Trans Nzoia familia zilipiga hema kwenye uwanja wa maonyesho wa Kitale, huku vita vya Mlima Elgon vikiwa tayari vimewasukuma wengi kuteremkia Bungoma. Nyumba ya tofali na bati ilichomeka sawasawa na ya nyasi. Kwingineko nchini, kama Maai Mahiu, Habitat ilijenga kwa ajili ya waliohamishwa, na huko mambo yalianza na swali lilelile la zamani la Kitale: watakaa kwenye ardhi ya nani?

Kilichobaki

Leo mashirika mengi ya makazi yameelekea kwenye mikopo midogo: mtu anakopa ya kuezeka, akimaliza anakopa ya sakafu, kisha ya tangi la maji, kama mkulima alivyojenga siku zote, safari hii ukuta usinyeshewe mara mbili. Mashine za kushindilia udongo na saruji kidogo zinafyatua tofali lisilohitaji kuchomwa, na katika nchi inayomaliza miti hilo si jambo dogo. Timu za wageni bado zinakuja, ingawa janga la korona lilizisimamisha mwaka 2020, mwaka uleule Peace Corps ilipowaondoa watu wake nchi zote.

Chifu, mchungaji au kamati ya kijiji itakayopokea barua nyingine ya kundi linalotaka kuja kujenga ina haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya kuchinja kuku. Kati ya ada wanayolipa, ni kiasi gani kinanunua vifaa hapahapa, kwa fundi wa hapa na duka la hapa? Baada ya kuondoka kwao, nani anashika daftari la marejesho, na nyumba inayofuata ni ya nani? Na kwa yule wa Matisi ya Kitale asiye na hati, mpango huu una neno gani? Kundi lenye majibu ya maswali hayo likaribishwe, na fundi atalivumilia kwa wiki mbili.